Humu Hamna Mvua, Kule Kunanyesha: Korongo na Ngeli ya Mahali

Mwalimu yeyote aliyefundisha Kiswahili Arua au Koboko anaifahamu sentensi hii: *Maji iko*. Inasikika sokoni, kwenye stendi ya mabasi na hata darasani. “Chumvi iko?” “Iko.” “Dereva iko?” “Iko, lakini amelala.” Mnunuzi anapata chumvi yake, abiria anampata dereva wake, na hakuna anayelalamika.

Katika toleo hili hatuna nia ya kuicheka sentensi hiyo. Tunataka kuuliza swali moja tu: *Maji iko* inatuambia maji yapo wapi? Yapo hapa tulipo? Yako kule yanakotoka? Au yamo humu ndani tulimosimama? Mara nyingi jibu halina uzito. Lakini kuna mahali ambapo jibu hilo linaweza kuokoa maisha ya mtu, na mahali hapo ni ndani ya korongo jembamba. Makala hii inaeleza jinsi tunavyolitumia korongo kufundisha ngeli ya mahali, yaani ngeli ya PA-KU-MU, kwa wanafunzi wa West Nile, kwa somo la darasani na kwa safari ya siku moja.

Kwa nini “iko” imetawala

Sababu ya kwanza ni lugha mama. Kilugbara, kinachozungumzwa Arua na wilaya za jirani, ni lugha ya kundi la Sudani ya Kati. Kikakwa cha Koboko ni cha jamii ya Kinailoti. Kinubi kilizaliwa kutokana na Kiarabu cha askari wa Sudani. Hakuna hata moja kati ya hizi tatu yenye ngeli za Kibantu. Kinubi, kwa mfano, hutumia neno moja fupi, *fi*, kusema kwamba kitu kipo, kiko au kimo. Mwanafunzi anayetoka katika lugha hizi hana sababu ya kutarajia kwamba mahali panaweza kugawanywa mara tatu, wala kwamba mahali panaweza kuwa kiima cha sentensi.

Sababu ya pili ni historia. Kiswahili kiliingia West Nile kwa njia ya biashara na zaidi kwa njia ya jeshi. Vijana wengi wa eneo hili waliandikishwa katika King's African Rifles, jeshi la wakoloni ambalo lugha yake ya amri ilikuwa Kiswahili. Kiswahili cha kambini kilikuwa na kazi ya kuwaunganisha haraka watu wa lugha nyingi, na katika kazi hiyo *iko* moja ilitosha kwa kila kitu. Kiswahili hicho kimewatumikia babu zetu, na kinaendelea kuwatumikia wafanyabiashara wanaovuka mpaka kwenda Ariwara upande wa Kongo au Kaya upande wa Sudan Kusini.

Hata hivyo, mahitaji yamebadilika. Mwaka 2005 Katiba ya Uganda ilirekebishwa na Kiswahili kikatajwa kuwa lugha rasmi ya pili. Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha kwamba Kiswahili kiwe somo la lazima katika shule za msingi na sekondari. Mwanafunzi wa leo atasoma kwa Kiswahili maelezo, maonyo na taarifa za mahali asipopajua. *Iko* peke yake haitamtosha.

Korongo ni nini?

Tukilitaja neno *korongo* darasani, wanafunzi wengi wa Uganda hufikiria ndege. Wana haki, kwani korongo taji ndiye aliye katikati ya bendera ya taifa. Mwalimu asikimbilie kusahihisha, bali atumie nafasi hiyo kufundisha upatanisho. Korongo ndege yumo katika ngeli ya A-WA: *korongo huyu anaruka*. Korongo la ardhi limo katika ngeli ya LI-YA: *korongo hili lina kina kirefu, makorongo haya yana kina kirefu*. Neno ni moja kwa sura, lakini kiambishi cha upatanisho kinatuonyesha kama tuangalie angani au chini ya miguu yetu.

Korongo la ardhi ni bonde lenye kuta zilizosimama wima, lililochimbwa na maji. Aina tunayoizungumzia hapa ni korongo jembamba sana, ambalo kina chake kinazidi upana wake mara nyingi. Sehemu nyingine mtu akinyoosha mikono anagusa kuta zote mbili. Ukitazama juu unaona utepe wa mbingu tu.

Linatokeaje? Mambo matatu hukutana. Kwanza, mwamba unaokatika, kama vile mwamba wa mchanga ulioshikana au wa majivu ya volkano, na aghalabu wenye ufa ambao maji huanza kuufuata. Pili, mvua za ghafla katika nchi kavu ambayo mimea yake ni michache, hivyo maji hayanywewi na ardhi bali hukimbilia bondeni yote kwa pamoja. Tatu, mchanga na mawe yanayobebwa na maji hayo. Maji matupu hukata polepole, lakini maji yenye mchanga husugua kama msasa. Mkondo hukata kwenda chini haraka kuliko unavyopanua kando, na baada ya maelfu ya miaka hubaki ufa mrefu wenye kuta laini zilizopindapinda.

West Nile haina makorongo ya namna hiyo. Miamba yetu mingi ni ya kale na migumu, na mvua yetu inatosha kuivika ardhi majani. Tunayo mifereji ya udongo na vijito vidogo vinavyokauka kati ya Desemba na Machi. Korongo halisi lililo karibu nasi katika Afrika Mashariki, na ambalo picha zake zinapatikana kwa urahisi, ni Korongo la Ol Njorowa katika Hifadhi ya Taifa ya Hell's Gate, Kenya. Hifadhi hiyo ilianzishwa mwaka 1984, iko karibu na Ziwa Naivasha, yapata kilomita 90 kutoka Nairobi, na ni miongoni mwa hifadhi chache za Kenya ambamo mgeni anaruhusiwa kutembea kwa miguu au kuendesha baiskeli. Korongo lake lilikatwa katika miamba ya volkano wakati ziwa la kale, kubwa kuliko Naivasha ya leo, lilipopata njia ya kutokea. Humo ndani mna sehemu nyembamba za kupita mmoja mmoja, na mna chemchemi za maji ya moto zinazochuruzika ukutani, kwani chini ya ardhi ile ndimo unamotoka mvuke unaozalisha umeme wa Olkaria.

Mvua isiyonyesha ulipo

Sasa tufike kwenye kiini cha somo letu. Hatari ya korongo jembamba haitokani na mvua inayomnyeshea mtu aliyemo. Inatokana na mvua inayonyesha mahali pengine.

Tarehe 12 Agosti 1997, katika korongo la Antelope huko Arizona, Marekani, watalii 11 walikufa baada ya kusombwa na maji. Pale walipokuwa mvua ilikuwa kidogo sana. Dhoruba iliyojaza korongo ilikuwa imenyesha kilomita kadhaa juu ya mkondo. Ol Njorowa nayo imeonja msiba huo mara mbili. Aprili 2012 vijana wa kanisa waliokuwa matembezini walikumbwa na mafuriko ya ghafla korongoni, na watu 7 wakafa. Septemba 2019 mafuriko ya namna hiyo yaliwaua watu wengine 7, na Shirika la Huduma za Wanyamapori la Kenya likalifunga korongo baada ya ajali hiyo.

Maji ya aina hii huja kwa kasi kwa sababu eneo pana linalokusanya mvua linamwaga maji yake yote katika tundu jembamba. Kinachokuwa kijito cha kufika kifundoni uwandani kinakuwa ukuta wa maji, matope na magogo korongoni. Kuta zilizo laini hazina pa kushika. Ndiyo maana kutazama utepe wa mbingu ulio juu ya kichwa hakusaidii, kwani mbingu hiyo inaweza kuwa ya buluu kabisa.

Tazameni sasa jinsi sarufi ya Kiswahili inavyoieleza hatari hii kwa maneno matano:

(1) *Humu hamna mvua. Kule kunanyesha.*

Yeyote anayeielewa sentensi hiyo anaelewa mafuriko ya korongo. Na yule ambaye Kiswahili chake kina *mvua iko* na *mvua hakuna* tu, atasikia habari mbili zinazopingana, atachagua moja, na huenda akachagua ile isiyofaa.

PA, KU na MU ndani ya korongo

Vitabu vyetu vya sarufi hueleza kwamba PA huonyesha mahali mahususi, KU huonyesha mahali pa jumla au pa mbali, na MU huonyesha mahali pa ndani. Maelezo haya ni sahihi, lakini mwanafunzi huyakariri bila kuyaona. Korongo linampa picha tatu zisizochanganyika.

PA ni pale unapokanyaga:

(2) *Hapa pana jiwe kubwa.*
(3) *Msipite pale, panateleza.*

KU ni kule maji yanakotoka, na huku tunakotakiwa kukimbilia:

(4) *Kule juu kumenyesha tangu alfajiri.*
(5) *Pandeni huku!*

MU ni humu tulimo:

(6) *Humu mna giza.*
(7) *Mle mmejaa maji.*

Katika mifano hii mahali ndipo penye kitendo. *Panateleza*, *kumenyesha*, *mmejaa*: viambishi *pa-*, *ku-* na *m-* vinashika nafasi ya kiima. Kwa wanafunzi wanaozungumza Kilugbara, Kikakwa au Kinubi, hili ndilo jambo geni kuliko yote, na linafaa kurudiwa mara nyingi kwa mifano ya kuonekana kabla ya kutajwa jina lake la kisarufi.

Vivyo hivyo kwa *-po*, *-ko* na *-mo*. Mtu anayeuliza hujua kwamba hajui, ndiyo maana huuliza kwa *-ko*: *Wanafunzi wako wapi?* Anayejibu ndiye anayetakiwa kuwa makini:

(8) *Wapo mlangoni.*
(9) *Wako korongoni.*
(10) *Wamo korongoni.*

Sentensi ya (9) inaweza kumaanisha kwamba wameelekea eneo la korongo, pengine wamekaa ukingoni wanakula. Sentensi ya (10) ina maana moja tu: wamo ndani. Kwa mwokoaji aliyeshika kamba, tofauti ya *wako* na *wamo* ni tofauti ya kuuliza zaidi na kuanza kazi mara moja.

Tunafupisha somo kwa sentensi ambayo wanafunzi huikariri kwa sauti: *Angalia unapokanyaga, chunguza maji yanakotoka, jua unamoingia.* Virejeshi vyote vitatu vya mahali vimo, na ushauri wote wa msafiri wa korongoni umo pia.

Tahadhari mbili za kisarufi

Ya kwanza inahusu *mna*. Kiambishi *m-* cha ndani kinafanana na *m-* cha nafsi ya pili wingi. Kwa hiyo *Mna maji* ina maana mbili: “ndani kuna maji” na “ninyi mnayo maji”. Mtu akipaza sauti kutoka mbele, “Mna maji!”, aliye nyuma anaweza kufungua mkoba akatoa chupa. Kiswahili kina dawa ya utata huu, nayo ni kutaja kionyeshi: *Humu mna maji. Mle mna maji.* Wafundisheni wanafunzi kwamba kionyeshi si pambo, kwani katika sentensi kama hii ndicho kinachobeba maana.

Ya pili inahusu *hamna*. Katika mazungumzo ya kila siku wasemaji wengi, hata wa pwani na bara ya Tanzania, husema *hamna* kwa maana ya “hakuna” kwa jumla: *Hamna shida*. Wengine huitumia kumaanisha “la”, kama inavyotumika *hapana*. Mwalimu asiseme kwamba matumizi hayo ni makosa, kwa sababu mwanafunzi atayasikia kila siku redioni. Aeleze kwamba maana ya asili ya *hamna* ni “ndani hamna kitu”, na kwamba pale panapohitajika usahihi, kama vile katika taarifa ya hatari, tunairudisha kazi yake ya kwanza.

Safari ya siku moja

Hatuwapeleki wanafunzi wetu Naivasha. Ni mbali, na korongo jembamba si darasa la kuanzia. Korongo halisi tunalisoma kwa picha na kwa mchoro ubaoni. Kwa mazoezi tunakwenda kwenye kijito kikavu, katikati ya kiangazi, chenye kingo za chini ambazo mtoto anaweza kuzipanda popote. Barabara ya lami ya Vurra–Arua–Koboko–Oraba, yenye urefu wa kilomita 92, imerahisisha mambo. Kundi linalotoka Arua asubuhi linaweza kufanya somo upande wa Koboko, Mlima Liru ukionekana, na kurudi kabla ya jioni.

Somo lina vituo vitatu.

*Kituo cha kwanza: ukingoni.* Hakuna anayeshuka. Kila mwanafunzi anatazama na kusema sentensi mbili za KU. Hapa tunauliza: juu ni wapi? Mpaka wa Uganda na Kongo katika eneo hili unafuata kwa kiasi kikubwa mgongo wa ardhi unaotenganisha maji yanayokwenda Nile na yale yanayokwenda mto Kongo. Kwa hiyo kwa vijito vingi vya upande wetu, maji hutoka magharibi. *Kule* kwetu ni magharibi. Mwanafunzi aliyekuwa akisema *kule* huku akinyoosha kidole popote, sasa ana upande wa kunyooshea.

*Kituo cha pili: mahali pa kushukia.* Hapa ni pa PA. *Hapa pana mizizi. Pale pana mawe. Hapa panapitika.* Wanafunzi wanaelekezana, mmoja akiwa amefumba macho na mwenzake akimwongoza kwa maneno tu.

*Kituo cha tatu: ndani.* Kundi dogo linashuka, wengine wanabaki juu. Walio chini wanaeleza: *Humu mna mchanga, humu mna baridi kidogo, humu hamna upepo.* Walio juu wanauliza na kuandika. Kisha mwalimu anatoa amri bila kutazamiwa: “Tokeni humu! Pandeni huku!” Tunasisitiza *pandeni*, si *kimbieni*. Anayekimbia kufuata mkondo anashindana na maji, na maji hayachoki. Anayepanda ametoka katika njia yake.

Kabla ya kushuka, desturi yetu ni kumuuliza mwenyeji. Mazungumzo haya hufanyiwa mazoezi darasani:

Mwanafunzi: Habari ya asubuhi, Mzee.
Mzee: Nzuri, mwanangu. Mnakwenda wapi?
Mwanafunzi: Tunataka kushuka kijitoni. Humu mna maji siku hizi?
Mzee: Hamna. Pamekauka tangu mwezi uliopita.
Mwanafunzi: Na kule juu, kumenyesha?
Mzee: Jana jioni kulikuwa na wingu zito kule. Ngojeni kwanza.
Mwanafunzi: Asante, Mzee. Tutakaa hapa ukingoni.

Walimu watambue kwamba mwanafunzi ameuliza maswali mawili, si moja. Swali la *humu* limejibiwa kwa “hamna”, na aliyeishia hapo angeshuka. Swali la *kule* ndilo lililomzuia. Tunapotoa alama, mwanafunzi aliyeuliza yote mawili hupata alama kamili hata kama ametamka “iko” mahali fulani. Aliyesema sentensi safi lakini akaliacha swali la pili bado hajamaliza somo.

Neno kwa walimu wenzetu

Ngeli ya mahali mara nyingi huachwa mwisho wa mtaala, ikafundishwa kwa haraka kwa jedwali la *hapa, huku, humu*, kisha ikasahauliwa mtihani ukipita. Tunapendekeza ifundishwe mapema, na ifundishwe mahali. Si lazima kuwe na kijito. Ghala la shule lina mlango, lina ndani na lina nyuma. Kisima kina ukingo, kina ndani, na kina chanzo kisichoonekana. Soko la Arua lina vibanda ambamo mna vitu, njia ambapo panapitika, na kule magari yanakotoka.

Tunawaomba pia wasomaji wetu wa Koboko, Maracha, Terego na Yumbe watuandikie jinsi lugha zao zinavyotofautisha “hapa”, “kule” na “humu ndani”. Kila lugha ina njia yake ya kufanya kazi hii, hata isiyo na ngeli. Mwalimu anayeijua njia hiyo ataanza somo kutoka pale mwanafunzi alipo, na kumfikisha kule anakokusudia.